Msichana Aliyepima Vichochoro vya Seelampur

Hadithi, hadithi! Nanyi mwitikie: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea.

Leo uongo utakuwa haba. Nimetunga msichana mmoja na watu wachache anaozungumza nao, basi. Mji sikuutunga, wala mto, wala sumu, wala sheria nitakazozitaja. Mwenye ramani na aifungue, atafute Delhi, mji mkuu wa India, kisha aufuate mto Yamuna kwa kidole. Ng'ambo ya mashariki ya mto huo atakuta mtaa uitwao Seelampur. Ndiko tunakokwenda.

Msichana wetu anasomea usanifu majengo. Jina sikumpa, mwiteni mnavyopenda. Ni mkaidi kidogo, na ukimwambia kitu fulani hakipimiki, hapo ndipo anapotoa tepu. Muhula ule mhadhiri aliwapa wanafunzi wote kazi moja: bunini jengo la kushughulikia taka za kielektroniki za mji huu.

Taka za kielektroniki ni chochote chenye plagi au betri ambacho mwenyewe hakitaki tena: simu iliyopasuka kioo, chaja iliyoungua, pasi, friji, kompyuta ya ofisi, mdoli aliyekuwa akiimba na sasa haimbi. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za vitu hivyo. India peke yake ilikuwa na zaidi ya tani milioni 4, ikitanguliwa na China na Marekani tu. Katika tani hizo milioni 62, zilizoandikwa kwamba zilikusanywa na kuchakatwa inavyotakiwa ni asilimia 22.3. Watu wazima wakifika hapo hutikisa kichwa na kuifunga ripoti. Mimi naona hapo ndipo pa kuanzia. Friji ambalo halikuandikwa daftarini halikuyeyuka. Liko mahali, na kuna mtu amelishika.

Wenzake darasani walichora upesi. Paa za vioo, bustani juu ya paa, bomba la moshi lililopakwa rangi za kupendeza. Yeye alishindwa kuchora hata mlango. Mlango wa upana gani? Mzigo unaopita hapo unakuja na lori, na mkokoteni, au kichwani mwa mtu? Unapimwa nje au ndani? Ufunguo anao nani? Akatia mkobani tepu, penseli na daftari la miraba, akapanda metro. Kipande kile cha reli ndicho cha kwanza cha metro ya Delhi, kilifunguliwa Desemba 2002 kati ya Shahdara na Tis Hazari, na Seelampur ni kituo kimojawapo. Kufika huko si safari ya kishujaa. Ni nauli ndogo tu, ila wanafunzi wengi wa vyuo vya mjini hupita hapo bila kushuka.

Kabla hajashuka, nimtaje kabadiwala. Huyu hupita mitaani na baiskeli ya magurudumu matatu yenye kichanja cha kubebea mizigo, akiita kwa sauti ya kuvuta, akinunua magazeti, chupa, vyuma, feni iliyokufa. Ananunua, haombi. Mizani anayo. Wa Dar es Salaam na Mombasa wanamjua mwenzake, yule wa skrepa. Kwa hiyo mtu wa Delhi hatupi redio mbovu jalalani. Atatupaje kitu ambacho kuna mtu yuko tayari kukilipia? Kabadiwala humuuzia mwenye ghala dogo, naye humuuzia mwenye ghala kubwa. Benki na ofisi huuza kwa mnada, lundo zima la kompyuta kwa mkupuo. Kwa miaka mingi nyingine zilifika kwa meli kutoka nchi tajiri zikiitwa mitumba au msaada, ingawa Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 ulishaweka masharti ya kusafirisha taka za hatari kutoka nchi moja hadi nyingine. Tangu tarehe 1 Januari 2025 masharti yamekazwa: taka za kielektroniki, ziwe za hatari au zisiwe, haziondoki mpaka nchi inayopelekewa iulizwe na ikubali. Pendekezo hilo lililetwa na Ghana pamoja na Uswisi, na hapo Waafrika tunaruhusiwa kuvimba kichwa kidogo.

Sasa ameshuka. Jambo la kwanza alilogundua ni kwamba ramani aliyopewa chuoni ilikuwa safi mno. Palipoandikwa barabara, nusu ilikuwa magunia. Palipoachwa peupe, palikuwa na watu wameketi wakifungua skrubu. Vichochoro vingine alivipima kwa kunyoosha mikono, viganja vikagusa kuta zote mbili. Lori haliingii humo. Sensa ya mwaka 2011 ilikuta wilaya hiyo, Kaskazini Mashariki ya Delhi, ina watu zaidi ya 36,000 katika kila kilomita moja ya mraba.

Lakini kwa nini hapa? Kwa nini kompyuta za mji mzima ziishie mtaa huu na si ule wenye nafasi? Swali hilo lilimtoa kichochoroni likamkalisha maktaba, na alichokisoma huko sitakipita haraka.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali ilianza kuwahamisha maskini waliojenga vibanda katikati ya Delhi na kuwapa viwanja pembezoni. Mwanzoni kiwanja kilikuwa yadi za mraba 80. Baadaye kikapunguzwa hadi yadi 25, yaani kama mita za mraba 21. Kisha ikaja Hali ya Hatari ya miaka 1975 hadi 1977, wakati wa Indira Gandhi, na katika kipindi hicho kifupi inakadiriwa watu laki saba wa Delhi walibomolewa makazi yao. Wengi walipelekwa kwenye viwanja kama hivyo. Jirani kabisa na Seelampur upo mtaa uitwao Welcome, ambao mwanaanthropolojia Emma Tarlo aliuandikia kitabu kwa sababu ya historia hiyo.

Chukueni chaki mchore sakafuni mstatili wa mita 3 kwa 7. Hapo ndipo familia ilipoambiwa ianze upya, mbali na kazi, mbali na soko, mbali na waajiri. Pembeni kuna jirani mwenye mstatili wake, kwa hiyo nyumba haikuweza kutanuka. Ikapanda juu. Kiwanda cha kwenda kuajiriwa hakikuwapo, kwa hiyo kazi ikaingizwa ndani, mpaka chini ya kitanda. Kompyuta zilipoanza kuchakaa kwa wingi, mtaa uliozoea kununua kila kilichochakaa ulikuwa tayari una watu, mizani na mikono. Mimi nasema wazi: Delhi iliwasukuma watu ng'ambo ya mto, kisha ikawapelekea na mashine zake mbovu.

Msichana alirudi Seelampur na mpango mpya. Badala ya kubuni jengo jipya, angechora kwanza nyumba moja iliyopo. Wasanifu wana mchoro uitwao mkato: unajifanya umeikata nyumba kama papai, kutoka paa hadi msingi, ukaangalia ndani kwa ubavu. Mwenye nyumba aliyemruhusu alikuwa mzee wa ndevu zilizotiwa hina. Msichana alimwita Chacha, kama binti wa huko anavyomwita ndugu mdogo wa baba yake, na mzee akamwita binti, ila siku za mwanzo alimwangalia kwa jicho la shaka. Mtu mwenye daftari mara nyingi ni mtu wa serikali.

Mkato ulionyesha hivi. Chini kabisa ni chuma na uzito. Kijana ameketi sakafuni, miguu ameikunja, ana nyundo, patasi na bisibisi. Kompyuta nzima anaimaliza kwa dakika chache: chuma kushoto, alumini kulia, plastiki nyuma yake, nyaya kwenye gunia, bodi kwenye ndoo. Haangalii anapotupa. Ghorofa ya juu yake ni jiko, magodoro yaliyokunjwa na sare za shule zimetundikwa. Kizingitini wameketi wanawake wakichuna nyaya kwa wembe, maana ni kazi inayoweza kufanyika huku sufuria iko motoni. Juu ya paa ni magunia tena, yakisubiri bei ipande. Kinachounganisha vyote ni ngazi moja nyembamba, na vumbi la chini hupanda ngazi hiyo bure, halihitaji kubebwa.

Alipochora nyumba ya pili na ya tatu akaona kwamba kila jirani ana kitu chake. Mmoja hununua bodi tu. Mwingine plastiki tu, na kuzitambua aina zake huwasha kipande kidogo akanusa moshi; pua yake ndiyo maabara. Mwingine hutafuta chipu zinazofaa kuuzwa tena kwa mafundi wa Nehru Place, soko kubwa la kompyuta kusini mwa mji. Kinachoweza kutengenezwa hutengenezwa kwanza, kisha ndipo kivunjwe. Ningetamani viwanda vya simu vingekuwa na subira hiyo.

Hebu tufuate kitu kimoja. Mnazijua televisheni za chogo, zile nzito za zamani zenye mgongo mrefu? Ndani ya chogo mlikuwa na bomba la kioo lililorusha chembe za umeme kwa kasi kubwa hadi kwenye skrini. Chembe zikigonga kwa kasi hiyo huzaa kidogo miale ya eksirei. Ili familia iangalie mpira bila kuangaziwa eksirei kila jioni, watengenezaji walichanganya risasi ndani ya kioo, ile metali nzito ya kijivu, maana risasi huzuia miale. Televisheni moja ilikuwa na kilo moja ya risasi au zaidi. Mradi kioo kizima, risasi imelala humo na haimdhuru mtu. Kijana wa chini anapokipiga nyundo ili apate shaba iliyozungushwa kwenye shingo ya bomba, vumbi linaruka.

Shaba ya ndani ya nyaya ndiyo mkate wa kila siku wa mtaa. Waya mnene hulipa kuuchuna. Waya mwembamba haulipi, ni jasho la siku nzima kwa gramu chache, na hapo kishawishi cha moto huingia. Plastiki inayofunika nyaya nyingi ina klorini, na ikiungua hovyo hutoa, pamoja na moshi mweusi, kemikali ziitwazo dioksini, ambazo ni sumu kali na hukaa mwilini miaka mingi.

Halafu bodi. Bodi ya kijani ya kompyuta, ambayo mafundi wa Kariakoo huiita mazabodi, ndiyo inayowatoa watu mate. Dhahabu imo humo kwa sababu haishiki kutu, kwa hiyo hupakwa kwenye ncha zinazogusana ili umeme usikwame. Ni utando mwembamba sana, lakini bodi zikiwa tani nzima, dhahabu yake huzidi kwa mbali ile ya tani nzima ya mawe ya mgodini. Japani ilithibitisha hilo mbele ya dunia. Medali zote zipatazo 5,000 za Olimpiki na Paralimpiki ya Tokyo 2020 zilitengenezwa kwa metali zilizotoka kwenye vifaa vilivyochangwa na wananchi, zikiwamo simu zaidi ya milioni sita, na dhahabu iliyopatikana ilikuwa kilo 32 hivi.

Kuitoa ndiyo shughuli. Kuna tindikali mbili ambazo kila moja peke yake haiiwezi dhahabu, ila zikichanganywa huiyeyusha. Vipimo siwatajii, nawajua. Mwaka 1940 jeshi la Hitler lilipoingia Copenhagen, mkemia George de Hevesy alikuwa kwenye taasisi ya Niels Bohr akiwa na medali mbili za Nobeli za wanasayansi wa Kijerumani, Max von Laue na James Franck. Kutoa dhahabu nje ya Ujerumani kulikuwa kosa kubwa. Hevesy akaziyeyusha medali ndani ya mchanganyiko huo, akaweka chupa juu ya rafu, na askari waliopekua hawakuitilia maanani. Vita vilipokwisha dhahabu ikatolewa ndani ya chupa, na medali zikafuliwa upya.

Hadithi hiyo napenda kuisimulia, lakini Hevesy alikuwa mkemia ndani ya maabara. Ng'ambo ya Yamuna tindikali hiyo imekuwa ikitumika kwenye beseni za plastiki, mikono mitupu, na maji yaliyobaki humwagwa chini. Shirika la Toxics Link la Delhi lilipopima udongo na maji ya Mandoli na Loni, sehemu mbili za pembezoni zilizojulikana kwa kazi hiyo, lilikuta metali nzito, risasi ikiwamo.

Kumbukeni kwamba Mandoli na Loni si Seelampur. Msichana alilisikia neno moja kwa kila aliyemuuliza: "Hapa hatuchomi." Mwanzoni alidhani wanamdanganya. Akazunguka siku nyingi akitafuta moshi na hakuupata. Akaanza kuuliza swali jingine: bodi zikitoka hapa zinakwenda wapi? Majibu yakaja bila shida. Nyingine Loni, ng'ambo tu ya mpaka wa Delhi, katika jimbo la Uttar Pradesh. Nyingi Moradabad, zaidi ya kilomita 150 mashariki, mji uliosifika tangu zamani kwa vyombo vya shaba ya manjano. Mafundi wa huko wanaijua lugha ya metali na moto toka kwa babu zao, na soko la vyombo lilipodorora, bodi zikapata mikono. Majivu meusi ya bodi yalioshwa na kuchekechwa kando ya mto Ramganga.

Usiku huo alichukua ramani safi ya mwanzo akaanza kuchora mishale. Kuvunja kwa mikono kulibaki palepale, karibu na wanunuzi na mafundi. Moto na tindikali vilikuwa vikienda nje, na kila polisi walipofukuza moshi mahali pamoja, mshale ulirefuka. Sheria ya kwanza ya India kuhusu taka hizi ilianza kufanya kazi Mei 2012, ikaandikwa upya mwaka 2016, na upya tena mwaka 2022. Wazee wa mtaani walipomwelezea walitumia maneno machache: tulikuwa tukifanya mlangoni, sasa tunafanya mlango ukiwa umefungwa. Fikirini maana yake ndani ya mita 21 za mraba. Ukifunga mlango, hewa nayo umeifungia nje.

Risasi ikiingia mwilini mwa mtu mzima inamdhuru. Ikiingia kwa mtoto, inadhuru ubongo ambao bado unajengwa, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto anatambaa, anashika sakafu, anatia kidole kinywani. Na hapo msichana aligundua jambo ambalo halikuwa kwenye mchoro wowote: vumbi la risasi halingoji mtoto aende kazini kwa baba. Baba analileta nyumbani kwenye shati, kwenye nywele, kwenye vidole vinavyomega chapati.

Wakati huohuo serikali ya Delhi ilikuwa na jengo lake. Mwaka 2022 ilitangaza kwamba itajenga bustani ya viwanda vya taka za kielektroniki huko Holambi Kalan, kaskazini magharibi mwa mji, kwenye ekari zipatazo 20. Wahadhiri walilipenda wazo hilo. Chacha alipoonyeshwa mahali penyewe kwenye ramani alicheka mpaka akakohoa. "Binti, huko nifike saa ngapi, na mwanamke anayechuna nyaya mlangoni nimbebe na sufuria yake?" Sisemi bustani ile ni mbaya. Nasema aliyeichagulia mahali alianza na ardhi iliyokuwa wazi, na si na mtu anayefanya kazi.

Basi msichana akachora. Hakuchora jengo moja. Kwanza, uwanja wa mizani ulioezekwa, karibu na barabara ambako mkokoteni unafika, ili kabadiwala auze mbele za watu. Pili, mabanda ya kuvunjia yenye meza, maana mgongo wa kijana yule wa chini utaharibika kabla hajafika miaka 40, na kila meza ina feni inayovuta vumbi kuelekea chini na kulipitisha kwenye chujio. Tatu, ghala la bodi lenye kufuli, ambalo likijaa, mzigo wote unakwenda kwa mwenye tanuru la kisasa. Matanuru ya namna hiyo ni machache duniani. Mojawapo ni la kampuni ya Umicore huko Hoboken, Ubelgiji, ambalo hutoa dhahabu, fedha, shaba na metali nyingine nyingi kwa pamoja, na moshi wake husafishwa kabla ya kutoka. Hata hivyo mwaka 2020 watoto wa mtaa ulio jirani na kiwanda hicho walikutwa na risasi nyingi damuni, na kampuni ikajitolea kununua nyumba zilizo karibu zaidi ili pawe na ukanda wa kijani katikati. Kama huko Ubelgiji kwenyewe tanuru linahitaji kuwa mbali na watoto, alisema msichana, mimi nani nilichore Seelampur?

Chumba cha nne ndicho kilichochukua karatasi nyingi kuliko vyote. Kilikuwa chumba cha kuogea. Unaingia kwa mlango mmoja na nguo za kazi, unazivua na kuziacha hapo, unaoga, unatoka kwa mlango mwingine na nguo za nyumbani. Alichora mabomba, mteremko wa sakafu, tangi la kutuama maji machafu kabla hayajafika mferejini, makabati, na upande wa wanawake wenye nafasi ya mtoto kusubiri.

Siku ya kuwasilisha, jopo la wahadhiri liliketi. Paa za vioo zikapita, zikapigiwa makofi. Zamu yake ilipofika, mhadhiri mmoja aliangalia karatasi kwa muda, akauliza kama kweli muhula mzima wa utafiti umezaa bafu. Akajibu ndiyo, na akaueleza mshale wa risasi unaotoka kwenye nyundo, unapanda ngazi, unafika kwenye chapati, na mahali pekee unapoweza kukatwa kwa bei ambayo mtaa unaimudu. Hakuna aliyepiga makofi. Wakaanza kuuliza maswali, na kwa mwanafunzi hilo ni bora zaidi.

Swali gumu liliulizwa na mhadhiri mwanamke aliyekaa pembeni: kwa nini Chacha akuuzie wewe bodi zake na asimpelekee mtu wa Moradabad? Msichana alikuwa amemuuliza Chacha hilohilo. Mtu wa Moradabad analipa taslimu leo usiku. Kiwanda chenye leseni kinadai hati, kinapima chenyewe, kinalipa kikipenda. Tena sheria ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Aprili 2023, inasajili makundi manne: watengenezaji, wenye bidhaa wanaoziingiza sokoni, wakarabati, na wenye viwanda vya kurejeleza. Kampuni za bidhaa zinatakiwa kugharimia urejelezaji, na pesa yao hupita kwa mwenye kiwanda aliyesajiliwa, ambaye huwauzia vyeti. Mvunjaji alikuwa na nafasi yake katika sheria ya 2016. Katika hii mpya hayumo. Anayefungua skrubu zote hana mstari wa kuandikwa jina.

Kwa hiyo kati ya mizani na ghala la bodi alikuwa ameongeza dirisha dogo la malipo, pamoja na hesabu ya mfuko wa ushirika unaotosha kulipa taslimu jioni ileile, kisha kungoja kiwanda. "Hiyo ni benki," mhadhiri wa kwanza akasema. "Usanifu uko wapi?" Msichana akaonyesha urefu wa kaunta, alioupima kwa mtu aliyesimama na gunia begani.

Alama alizopata ni za kawaida. Mchoro aliuacha kwa Chacha. Mzee akaubandika ukutani juu ya mizani, na baada ya wiki akampigia msichana simu. Wenzake wote wameuangalia, alisema, na bafu wamelikubali, ila lile dirisha la malipo ameliweka magharibi, na mwezi wa sita jua la jioni hapo halikaliki, mhesabu pesa atalikimbia. Aje na tepu yake.